Jino la Bi Chiku na Ubao wa Hatibu

"Maneno ya Kiingereza yanayowachanganya wenzangu," alisema Hatibu Sadalla mbele ya duka la Saud, Jumamosi moja ya mwaka 1954, "mimi yakiniona yananiamkia shikamoo. Na atakayenikuta nimeliweka moja pasipo pake, nitatafuna chaki hapa hapa mbele yenu. Bila maji."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Watu walikuwa wamekuja kununua sukari na mafuta ya taa. Lakini Chumbageni, mtaa wetu wa Tanga, mtu akishasema mbele ya duka la Saud amekwisha kusema, maana Saud alikuwa na kawaida ya kusahau chenji na kukumbuka maneno.

Hatibu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mkonge bandarini. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mzani tangu asubuhi, kuandika uzito wa kila robota, na kupiga chafya. Mwembamba, mrefu, mwenye koti moja la rangi ya chai ya maziwa alilolivaa juu ya kanzu hata jua likiwa la kukaanga mayai. Mke aliwahi kuwa naye, wakaachana bila kelele. Yule mke alisema tu kwamba amechoka kusahihishwa. Tangu hapo akakaa peke yake katika nyumba ya kupanga yenye chumba cha giza na baraza pana.

Kwao ni Maramba. Aliposhuka kutoka huko ana miaka kumi na tisa aliandikwa kazi kwenye shamba moja la mkonge, na wiki ya kwanza akamwendea bwana shamba, Mzungu, kumwomba kalamu. Kiingereza alikuwa nacho cha darasa la sita na alikiona kinatosha. Akasema, "Please borrow me your pen." Mzungu alicheka mpaka akashika meza, kisha akamwita mwenzake aje asikie, Hatibu akaombwa arudie, naye kwa heshima akarudia.

Kosa lenyewe mtu wa pwani hawezi kuliona hata umwekee taa. Kwetu kuazima ni kuazima, kitu kikitoka kwangu kwenda kwako au kikitoka kwako kuja kwangu. Neno ni moja, anayejua kiko kwa nani ni mwenyewe. Waingereza kitu kikienda wana lend, kikija wana borrow, na ukiyageuza wanashika meza. Hatibu hakuipata kalamu siku ile. Alinunua kalamu yake, akanunua na daftari, akaanza kuandika maneno yote ya Kiingereza yanayofanana sura au yanayogombania maana moja. Akayaita mapacha. Kila pacha alimtungia sentensi yake, kwa imani kwamba neno lisilokuwa na mtu wala kitu ndani yake halikai kichwani. Miaka kumi na saba alikuwa akilijaza daftari hilo, kwa mpango wa alfabeti, na mwaka huo wa majigambo akafungua darasa.

Darasa lilikuwa barazani kwake, baada ya swala ya alasiri, kwa sababu chumbani hakuonekani kitu. Wanafunzi watano, watu wazima wote. Kati yao alikuwamo Zubeiri, kinyozi, rafiki yake wa kweli. Na Jumbe, mpagazi wa bandarini, ambaye alikuja kujifunza Kiingereza ili aelewe anavyotukanwa. Ubao aliutengeneza kwa mbao za masanduku ya chai, akaupaka masizi, akaupigilia ukutani kwa nje, umeelekea njia. Kila siku pacha mmoja, sentensi mbili, hati nzuri ya kikarani. Darasa likiisha hafuti. Anaziacha mpaka kesho yake alasiri, ili mwanafunzi akipita asome tena.

Sasa, hapo ndipo Hatibu alipokuwa hajui anaishi wapi. Mtaa ule ulikuwa umezoea maandishi ya aina mbili. Moja ni ya dini, nayo huwekwa ndani, juu, mbali na mikono. Ya pili ni jina la kanga. Na kanga hainunuliwi kwa maua yake peke yake. Mwanamke akikupitia mlangoni amejifunga maneno, maneno yale yana mwenyewe, na kama hujui mwenyewe ni nani, basi huenda ni wewe. Maandishi yakiwekwa mahali pa kupitwa na watu, watu hawaulizi yamekusudia nini. Wanauliza yamemkusudia nani.

Mwezi wa kwanza ulifika pacha wa accept na except. Hatibu akaandika sentensi moja iliyowabeba wote wawili: "I accept all the fish except the rotten one." Napokea samaki wote isipokuwa yule aliyeoza. Jumbe alikwenda nayo nyumbani akamfasiria mkewe, Mwanasiti, naye Mwanasiti hakuwa mtu wa kukalia habari. Kufikia isha mtaa mzima ulijua kwamba mwalimu amemsema Safari, mchuuzi wa samaki. Safari akaacha kupita njia ile siku tisa, na aliporudi alirudi na changu wabichi mpaka wanakaribia kuuliza njia.

Hatibu akaona samaki wamekuwa wazuri. Akamshukuru Mungu.

Ilipofika borrow na lend, ile iliyomfanya achekwe shambani, aliitungia kwa uchungu. "I lend my mortar to my neighbour. She borrows it every year." Namwazima jirani kinu changu, yeye kila mwaka huniazima. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijakaa sawa, vilirudi kwa wenyewe vinu viwili, mbuzi ya nazi moja, pasi ya mkaa, na ungo ambao mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Hatibu alipita akienda kazini akaona wanawake wamebeba vyombo huku na huku, akadhani pana harusi.

Baada ya hapo wakaanza kumjia. Mmoja alimletea bakuli la uji wa mtama akamwomba kesho aandike neno juu ya mtu anayemwaga maji machafu mbele ya mlango wa mwenziwe. Hatibu alimjibu kwa upole kwamba maneno hayaendi kwa maombi, yanaendana na alfabeti, na kwamba maji machafu bado. Yule mama aliondoka akisema mwalimu huyu ni fundi, hata kukataa anakataa kwa fumbo.

Na kweli sifa ile ilimkaa. Watu waliokuwa wakimpita wakaanza kumsalimu kutoka mbali. Yeye aliona ni heshima ya elimu.

Ng'ambo ya njia, dirisha likitazamana na ubao, ilikuwa nyumba ya Bi Chiku. Bi Chiku alikuwa mjane wa umri ambao watu hawaulizi, mwenye nyumba, mwenye minazi kumi na miwili, na mwenye neno la mwisho juu ya mtoto wa kaka yake, Asmahani, aliyemlea tangu anatambaa. Asmahani alikuwa na miaka ishirini na minane, aliolewa akaachwa, akishona kofia za viua, na alisoma shule mpaka walipomtoa. Darasani hakuingia, lakini dirisha halina ada. Siku moja Hatibu aliporudi alikuta mtu amemwongezea nukta aliyoisahau mwishoni mwa sentensi. Akauliza ni nani. Zubeiri akatazama ng'ambo. Hatibu akatazama ng'ambo. Toka siku ile akawa anasahau nukta kila baada ya siku mbili.

Basi akaamua kuposa. Barua ya posa aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, mistari kumi na mmoja, akaifunga kwenye leso nyeupe, na Ijumaa baada ya swala Zubeiri akaipeleka, maana yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Bi Chiku aliipokea. Akasema watapewa jawabu Ijumaa ijayo, na akatia kwamba kijana si mbaya ila koti lile lioshwe. Kwa Bi Chiku hayo yalikuwa mapenzi makubwa. Hatibu alirudi na roho nyeupe kuliko leso. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwa na mpango wa pili.

Jumatatu ilikuwa zamu ya loose na lose.

Zubeiri alijua yaliyomo daftarini, alikuwa amechungulia. Akamwambia rafiki yake, "Mwalimu, hilo la leo liruke."

"Haturuki."

"Liweke mpaka Jumamosi basi. Ijumaa ikishapita."

Hatibu alimwambia kwamba mtu anayeruka pacha mmoja atakuja kuwakuta wote wawili mbele yake siku ya mtihani. Lililomzuia Zubeiri kubishana ni adabu, maana ili aeleze angelazimika kulitaja jino.

Bi Chiku alikuwa na jino la mbele linalocheza tangu Ramadhani. Mtaa mzima ulilijua na mtaa mzima ulikuwa haulioni. Akizungumza alilishikilia kwa ncha ya ulimi, na watu walitazama paji lake la uso mpaka amalize. Hatibu peke yake ndiye hakujua, kwa kuwa alipokutana na Bi Chiku alitazama chini kwa heshima, kama impasavyo mkwe mtarajiwa. Sentensi ile alikuwa ameitunga mwaka 1949, hajamjua Bi Chiku wala jino lake. Akaichukua daftarini kama ilivyo, akaiandika kwa hati nzuri kuliko siku zote:

"The old woman's tooth is loose. Tomorrow she will lose it."

Loose, akawaeleza, ni kitu kilicholegea. Lose ni kupoteza. Chenye herufi mbili za duara kinalegea kwa sababu kimeshiba. Chenye moja, nyingine imekwisha kupotea. Hapana mwalimu Tanga nzima aliyepata kulieleza vizuri namna ile. Wanafunzi watano walikuwa wakitazama sakafu.

Mwanasiti alifika kwa Bi Chiku kabla ya magharibi, amechukua kisahani cha sukari. Alikuja kumpa pole ya jino.

Madirisha ya nyumba ile yalifungwa yote, na la kutazamana na ubao likakomewa kwa mti. Jumanne Zubeiri akaenda kujaribu kuweka mambo sawa, akakutana na Bi Chiku ukumbini, ameketi wima, ushungi umefunika mdomo. Alisema kwa utulivu, na Zubeiri alikuja kuyarudia bila kupunguza:

"Mwambie jawabu la posa yake atalipata jino likitoka. Yeye si ameandika kesho? Basi kesho ndiyo leo. Aje alitafute."

Jino lilikuwa lipo. Habari zikafika dukani kwa Saud, na jioni Hatibu alipokwenda kununua chaki alikuta wapagazi wamemngoja. Jumbe, mwanafunzi wake mwenyewe, alisimama akamkumbusha ahadi. Mwalimu aliandika kesho, kesho imekuja, jino liko kinywani mwa mwenyewe linakula; basi sentensi ina kosa, na chaki hiyo hapo. Saud alikwisha kulifungua boksi.

"Sentensi haina kosa," alisema Hatibu. "Jino ndilo limechelewa."

Neno hilo nalo lilifika ng'ambo. Sijui lilipitia wapi. Kwa Saud mpaka kwa Bi Chiku ni hatua sitini, lakini lilimtangulia Hatibu, na Hatibu alikuwa akienda huko huko, daftari kwapani. Maana alikuwa amefikiri, na kufikiri kwake kulimpeleka mahali pamoja tu: Bi Chiku ameambiwa kwamba sentensi imekosewa. Akionyeshwa kwamba ni sahihi, hasira itakwisha. Alibisha hodi, akafunguliwa, akaingia na daftari limefunguliwa, akaanza kueleza herufi mbili za duara. Alieleza kwa dakika kumi. Bi Chiku hakumkatiza. Asmahani alisimama nyuma ya pazia ameuma kidole.

Alipomaliza, Bi Chiku akasema, "Nimesikia maneno ya Kizungu yakikuona yanakuamkia shikamoo."

"Ndivyo."

"Miye sijaamkiwa. Umeingia, umesema, na sasa utatoka."

Akatoka. Ilikuwa kweli. Kwa mbio za kusahihisha alikuwa amempita mtu mzima kama anayepita mti.

Usoni mwa Hatibu siku ile Zubeiri aliona jambo ambalo hakupenda kuliona. Akamkalisha kwenye kiti cha kunyolea, akamfunga shuka shingoni ili asiinuke, akamweleza yote, tangu samaki. Akamweleza vinu. Akamweleza kwamba ubao ule ulikuwa ukisomwa kama kanga toka siku ya kwanza, na kwamba alifika hapa alipofika akiwa ametukana nusu ya mtaa kwa alfabeti. Hatibu aliuliza kama wale waliomsalimu kutoka mbali walikuwa wakimwogopa. Zubeiri akasema, "Sana, bwana wangu."

Dawa ilikuwa moja, na kila mtu wa pwani anaijua: mtu mzima wa kike ukimkosea, unakwenda na doti ya kanga mikononi, shikamoo mdomoni, na huelezi kitu. Zubeiri angekwenda naye kuichagua, lakini Jumatano alifiwa na mjomba wake Muheza, akapanda gari la asubuhi. Hatibu akaenda peke yake.

Kwa Saud kanga zilining'inia thelathini. Hatibu alizichukua moja moja akazikagua kama robota za mkonge. Rangi akazisugua kwa kidole cha mate zisije zikachuja. Maua akayatazama yasije yakawa ya kitoto. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa maandishi, aliyasoma maneno yote thelathini kutafuta makosa. Kwenye moja herufi ilikuwa imekosekana, akairudisha kwa masikitiko. Nyingine maneno mawili yalikuwa yameshikana. Mwishoni akaipata yenye maua ya mikorosho, nyekundu iliyokolea, maneno yake yamenyooka, hayakupungukiwa herufi, nafasi zimekaa sawa. Akamsifu Saud kwa uchapaji. Saud hakuwa mchapaji wala hakuwa mshenga. Akaifunga kwenye gazeti.

Alhamisi alasiri, darasa limefungwa, Hatibu akavuka njia. Koti limeoshwa. Akaamkia mlangoni, akaamkia ukumbini, akamwamkia Bi Chiku mara ya tatu ameinama, mpaka Bi Chiku akasema marahaba zimetosha. Akaitoa doti kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Bi Chiku hakujua kusoma herufi za Kizungu. Akampa Asmahani. Asmahani akaikunjua, macho yakapita juu ya maneno, yakarudi, yakapita tena.

"Soma," alisema Bi Chiku.

"Maua yake mazuri, shangazi."

"Maua nayaona. Soma."

Asmahani akasoma. "Hata ukinuna sijali."

"Umesoma vizuri," alisema Hatibu, kwa moyo mmoja, kama angemwambia Jumbe.

Bi Chiku alimtazama Hatibu, akaitazama kanga, akamtazama tena Hatibu, ambaye bado alikuwa akingoja ashukuriwe. Kisha ushungi ulioufunika mdomo ukaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, amelishika jino kwa kidole.

"Asmahani, mwanangu," alisema alipopata pumzi, "huyu hana fumbo. Mwenye fumbo hupiga akakimbia. Huyu kaninunulia tusi, kaliosha koti, kaniletea mwenyewe mchana, kisha kasimama." Akamgeukia. "Weye, baba, hukunisema."

Hatibu akasema hakumsema. Akataka kuongeza kwamba sentensi ni ya mwaka 1949, lakini alimwona Asmahani akitikisa kichwa kidogo sana, akafunga mdomo. Huo ndio mwanzo wa yeye kusahihishwa.

Akauliza je, jawabu la posa.

"Nilisema jino likitoka," alisema Bi Chiku. "Na miye neno langu silifuti kwa dasta."

Hakulegeza. Ijumaa ikaja ikapita, jino lipo. Mtaa ukahamia kwenye jino. Safari mchuuzi aliuliza habari zake akipima samaki. Jumbe alikwenda mara mbili kwa visingizio vya kuazima pasi. Zubeiri, aliyerudi msibani, alijitolea kulitoa kwa uzi bila malipo, akaambiwa anyoe watu. Hatibu kazini alikosea uzito wa robota tatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na ubao wake ulikaa mtupu wiki nzima, mweusi, na watu wakaogopa zaidi kuliko ulipokuwa na maneno.

Jumatatu Asmahani alitoka akaenda kwa muuza mahindi ya kuchoma, akamchagulia shangazi yake hindi lililokomaa, lile ambalo muuzaji mwenyewe alisema hilo ni la mbegu. Bi Chiku akalila lote kwa magego, akasema ahsante. Jumanne akaletewa jingine, gumu zaidi. Akamtazama mtoto wa kaka yake kwa muda, akalila nalo. Jumatano, hindi la tatu, aliliuma kwa meno ya mbele, na jino likabaki humo.

Zubeiri aliitwa kabla ya magharibi. Jawabu lilikuwa ndiyo, kwa sharti moja: sentensi yoyote kabla ya kwenda ubaoni ipite kwanza mikononi mwa Asmahani. Hatibu akakubali bila kuuliza kama ni kwa ajili ya nukta.

Walioana mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Bi Chiku alivaa ile kanga harusini, akakaa nayo mbele kabisa, na wageni kutoka Pangani wakahangaika siku mbili kujua amemkusudia nani. Darasa liliendelea miaka mingi. Ubao ukabaki pale pale nje, lakini sentensi zake tangu siku hizo zilikuwa za treni, mvua, na malkia wa nchi za mbali. Watu walilalamika kwamba mwalimu amepoa.

Asmahani alinunua mahindi matatu kulipata jawabu lile. Hindi la kuchoma wakati ule lilikuwa senti tano.